Re: Nyuzi za mtande zinakatika ovyo

Salama mkuu. Umesema nyuzi za mtande, zile za urefu unazotanda kwenye kitanda cha kufumia, zinakatika tangu Julai, na pamba ni ileile uliyotumia wakati wa mvua. Kwanza angalia zinakatikia wapi. Zikiwa za pembeni tu, unavuta mno mshindio, yaani uzi unaoupitisha kwa upana: kitambaa kinabana, na kitana, lile chanuo la kusukumia mshindio, kinasugua kingo. Ulaze mshindio kwa mshazari, ulegee, ndipo upige kwa kitana.

Zikikatika popote, ni huu ukavu wetu wa Dodoma. Pamba yenye unyevu ni imara kuliko kavu. Mimi hupaka mtande uji mwepesi wa ngano kuuimarisha, naacha ukauke, halafu chini ya kitanda cha kufumia natandika gunia lililoloweshwa, lilete unyevu. Funika mtande usiku, panya wanaupenda sana huo uji! Vitambaa vya meza unavyofuma vikitoka, vifue uji utoke. Kuhusu sufu uliyouliza, sijaitumia, waulize wengine.