Maswali yenu: Msiba usio na arobaini

Juma lililopita niligusia, kwa mstari mmoja tu, kwamba Wayahudi hadi leo wanaliomboleza Hekalu la Yerusalemu lililochomwa na Warumi mwaka 70. Maswali yakamiminika. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Nimeona video ya harusi ya Kiyahudi. Bwana harusi kakanyaga glasi, ikapasuka, watu wakashangilia. Ni kuondoa mkosi? (Mombasa)

Hapana, ni msiba uliopenyezwa katikati ya sherehe. Wengi husema kwanza maneno ya Zaburi 137, "Ee Yerusalemu, nikikusahau wewe, mkono wangu wa kuume na usahau," ndipo glasi inapasuliwa. Vigelegele vya "Mazal tov!" (hongera) ndivyo vinavyowachanganya watazamaji, na wapo marabi, yaani walimu wa dini yao, waliolalamika kwamba watu wamegeuza kilio kuwa king'ora cha kuanza ngoma.

Lakini mila yenyewe ina mzizi mwingine. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, inasimulia kuwa Mar mwana wa Ravina, kwenye harusi ya mwanawe, aliwaona marabi wenzake wamezidisha furaha. Akaleta kikombe cha thamani ya zuzi 400 (sarafu za fedha za enzi hizo), akakivunja mbele yao. Ukumbi ukapoa. Hekalu halitajwi kabisa katika kisa hicho. Liliunganishwa nacho baadaye.

Kama wanaomboleza kweli, mbona nyama wanakula na divai wanakunywa? (Arusha)

Swali lako liliulizwa zamani, tena na waombolezaji wenyewe. Baada ya Hekalu kuanguka walitokea watu wengi walioapa kutogusa nyama wala divai. Rabi Yehoshua akawaendea kuwauliza sababu. Wakamjibu: tuleje nyama iliyokuwa ikitolewa madhabahuni, na sasa madhabahu hakuna? Tunyweje divai iliyokuwa ikimiminwa pale? Akawaambia basi na mkate muuache, maana sadaka za unga nazo zimekoma. Wakasema watakula matunda. Lakini malimbuko ya matunda nayo yalipelekwa Hekaluni! Watakula matunda mengine, basi. Haya, na maji? Maji pia yalimiminwa madhabahuni. Wakanyamaza.

Ndipo akawapa kipimo. Kutoomboleza kabisa haiwezekani, na kuomboleza kupita kiasi nako hakuwezekani, kwa kuwa watu hawatwishwi amri wasiyoweza kuibeba. Kwa hiyo mtu apige lipu nyumba yake, ila aache kipande bila lipu. Mapokeo yanakitaja kuwa dhiraa moja kwa dhiraa moja, mkabala wa mlango, ili uingiapo ukione. Mwenye kuandaa karamu apunguze kitu kimoja. Marabi walipoulizana ni kitu gani, mmoja akataja kitoweo cha visamaki vidogo. Mwanamke ajipambe, ila pambo moja aliache. Bwana harusi apakwe majivu kichwani, mahali pa kuvalia tefilini, yaani visanduku vya ngozi vyenye maandiko vinavyovaliwa wakati wa sala.

Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Sisi tunaanua matanga, tunafanya arobaini, maisha yanaendelea. Wao hawakuanua, lakini pia hawakukubali msiba uwale. Waliukatia sehemu yake: kipande cha ukuta, sahani moja, kidani kimoja. Bado zipo nyumba za Kiyahudi zenye kile kipande kisichopigwa lipu, na mgeni asiyejua hudhani fundi alilipwa nusu.

Na kwenye sala je? (Kigoma)

Humo ndimo msiba unamoishi kila siku. Sala ya kusimama, Amida, husaliwa mara tatu kwa siku, uso ukielekea Yerusalemu; Myahudi aliye Nairobi au Mbale hugeukia kaskazini. Ndani yake anaomba Yerusalemu ijengwe na ibada ya Hekalu irudi. Akimaliza kula mkate, katika dua ya shukrani anaomba tena Yerusalemu ijengwe.

Hata rambirambi imo. Pwani tunasema "Makiwa", nao humwambia mfiwa: Mungu akufariji pamoja na waombolezaji wengine wa Sayuni na Yerusalemu. Mtu kafiwa na mama yake jana, anaambiwa yuko katika tanga moja na waliofiwa na mji.

Ukuta wa Maombolezo si ndio ukuta wa Hekalu? (Dodoma)

Si wa Hekalu lenyewe. Ni sehemu ya ukuta mkubwa uliozuia kifusi cha uwanja ambao Herode aliupanua kulizunguka Hekalu. Wayahudi wengi husema Ukuta wa Magharibi.

Iweje mahekalu yote mawili yaanguke tarehe moja, 9 ya mwezi wa Kiyahudi wa Avu? Nina mashaka. (Bujumbura)

Una haki. La pili ndilo lile la mwaka 70; la kwanza lilichomwa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo. Kitabu cha 2 Wafalme kinataja siku ya 7 ya mwezi wa tano, ndio Avu, na Yeremia kinataja siku ya 10. Marabi wakapatanisha: adui aliingia tarehe 7, moto ukawashwa tarehe 9 jioni, ukaunguza hadi tarehe 10. Kwao 9 Avu ni siku ya kubebea misiba yote ya taifa, sio tarehe ya mahakamani.

Nina mwenzangu kazini, Myahudi. Siku hiyo nimwambie nini? (Dar es Salaam)

Usimwambie kitu. 9 Avu huangukia Julai au Agosti. Mfungo ni wa saa kama 25, kuanzia machweo: hali, hanywi, haogi, havai viatu vya ngozi, na hadi adhuhuri huketi chini au kwenye kigoda. Usiku husomwa kitabu cha Maombolezo. Salamu nazo zimekatazwa. Ukisahau ukamsalimu, atakujibu kwa sauti ya chini, asikuvunjie heshima. Ukitaka kumwalika nyama choma (iliyochinjwa kwa sheria yao, bila shaka), subiri kesho yake adhuhuri ipite. Tarehe 10 asubuhi Hekalu lilikuwa bado linaungua.