Yai lilikuwa limemenywa, mbona likapasuka mdomoni?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni muuguzi. Nikiwa zamu ya usiku hununua mayai ya kuchemsha kwa muuzaji wa pale getini kabla ya kuingia kazini saa moja. Ikifika saa saba usiku yameshapoa, basi tunayapasha kwenye maikrowevu ya chumba cha mapumziko. Juzi mwenzangu alimenya yai lake, akalipasha dakika moja, likatoka zima kabisa. Kuling'ata tu, likapasuka, akaungua midomo. Sisi tulijua hatari ni ganda. Je, maikrowevu yetu ni mbovu? Na yai bichi linaweza kupikwa humo bila balaa?

JIBU: Mpe pole sana mwenzako. Maikrowevu yenu haina kosa. Yai lenye ganda hulipuka humo, hilo mnalijua na ni kweli, lakini kilichomuumiza yeye ni kiini, na kiini hakijali kama yai limemenywa au la.

Mawimbi ya maikrowevu hupenya sentimita chache ndani ya chakula na kuyatikisa maji hukohuko yaliko. Kwenye kitu kidogo kama yai, yanafika mpaka kwenye kiini. Sasa, kiini kilichokwisha kuiva kina vijifuko vidogo vya maji vilivyobanwa kati ya protini na mafuta. Maji hayo yanaweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi bila kuchemka, kwa kuwa hayapati pa kuanzia kutoa mapovu. Hutulia hivyohivyo, na yai kwa nje linaonekana salama, hadi kitu kiliguse ndani: uma, kisu au jino. Hapo maji yanageuka mvuke kwa mkupuo mmoja, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara elfu moja kuliko maji yaliyouzaa. Ndiyo maana halikupasuka ndani ya mashine, likangoja meno.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2017 wahandisi wawili wa sauti nchini Marekani waliwasilisha majaribio yao baada ya mteja wa mgahawa mmoja kudai kuwa yai lililopashwa lilimlipukia mdomoni na kumharibu masikio. Walipasha mayai ndani ya maji, kisha wakayachoma. Mengine yalilipuka kwa sauti ya desibeli 86 hadi 133, ikipimwa sentimita 30 kutoka kwenye yai, na viini vilikutwa na joto kubwa kuliko maji yaliyokuwa yameyazunguka. Kwa hiyo kulitumbukiza yai kwenye maji kabla ya kulipasha hakulindi chochote, ingawa watu wengi wanaamini hivyo. Kutoboa ganda kwa sindano pia nisingekushauri ukutegemee.

Yai la kuchemsha, basi, lisiingie kwenye maikrowevu likiwa zima, liwe na ganda au bila ganda. Ukitaka lipate uvuguvugu, limwagie maji ya moto ya birika kwenye bakuli na uliache humo dakika kama kumi. Ukiwa na haraka, likate vipande vidogo, kiini ukivuruge kabisa, funika, kisha upashe kwa sekunde chache.

Lakini kuna jambo katika maelezo yako lililonishtua zaidi ya mlipuko wenyewe. Kutoka saa moja jioni hadi saa saba usiku ni saa sita. Yai la kuchemsha halitakiwi kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kwenye joto kali la zaidi ya nyuzi 32 hata saa moja inatosha. Likishamenywa, au likipasuliwa na kutiwa kachumbari kama wanavyouza wengi, bakteria wanapata njia nyepesi zaidi. Nawe hujui lilichemshwa saa ngapi. Liweke kwenye friji ya chakula mara tu unapofika (ile ya chanjo na dawa isiguswe kabisa kwa chakula, wewe unalijua hilo kuliko mimi).

Yai bichi linapikika vizuri, na kwako ningependekeza hili hasa. Lipasue kwenye bakuli la kioo au la udongo lisilo na mstari wa dhahabu ukingoni. Bakuli liwe kubwa, maana yai huumuka. Vikombe vya bati vyenye rangi havifai, vina chuma. Njia ambayo haina wasiwasi ni kulivuruga: piga yai na kijiko kikubwa kimoja cha maziwa au maji mpaka kiini na ute vichanganyike, tia chumvi, funika na sahani bila kubana. Pasha sekunde 30, koroga kutoka pembeni kuelekea katikati, kisha ongeza sekunde 15, ukoroge tena. Usiache kukoroga, kwa sababu maikrowevu haigawi joto sawasawa; ukingo unaweza kukauka huku katikati kungali ute. Mashine ya wati 1000 itamaliza mapema kuliko ya wati 700, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo, usiweke dakika mbili ukaondoka.

Ukitaka kiini kibaki kizima, kitoboe kwa kijiti cha meno mara kadhaa, uhakikishe ile ngozi yake nyembamba imepasuka, punguza nguvu ya mashine iwe nusu, na ufunike. Kwa vyovyote, yai likitoka liache limefunikwa dakika moja kabla ya kulila, na uso wako usiwe juu ya bakuli unapofunua. Lazima ute na kiini viwe vimeganda. Kwa mayai ya kuvuruga kipimo ni nyuzi 71. Kama kuna kipimajoto cha chakula, choma katikati. Salmonella, bakteria wa kwenye mayai wanaoleta kuhara, haionekani kwa macho wala haina harufu, na ninyi mnahudumia wagonjwa.

Midomo ya mwenzako ikiwa bado ina malengelenge au inauma sana, aonwe na daktari. Mtu akiungua hivyo tena, mwagieni maji ya bomba ya baridi kwa dakika 20, bila barafu, bila dawa ya meno na bila ute wa yai bichi. Yai likirukia jichoni, suuzeni kwa maji safi na aende hospitali saa ileile.