Andika Hadi Maneno ya Kanga

Umeripoti halmashauri na barua yako ya ajira ya afisa ustawi wa jamii, umeonyeshwa meza, na kabla ya saa nne asubuhi mama wa kwanza ameshakaa mbele yako na mtoto mgongoni, anataka baba wa mtoto aitwe. Hiyo ndiyo sura ya ofisi yetu inayojulikana na wengi. "Nitakupeleka ustawi" ni kauli ya ugomvi wa matunzo, na utaisikia kila mtaa. Kazi hiyo ipo, na inakula siku nzima. Mimi nataka nikueleze ile nyingine, ya watoto ambao kwa sasa serikali ndiyo inayowalea: walioko makao ya watoto, walioko mahabusu ya watoto, walioko kwenye familia za kuaminika zilizokubaliwa kuwalea kwa muda. Hao hawaji kukugongea mlango. Wako kwenye kabati la mafaili, na ufunguo utakabidhiwa wewe.

Soma mafaili yote wiki ya kwanza. Utaambiwa utayapitia polepole kadiri mashauri yanavyojitokeza. Usikubali. Mtoto aliyetulia makaoni, asiyeumwa wala kutoroka, shauri lake halijitokezi kamwe. Anakaa tu, anakua, na faili lake linabaki na kurasa mbili. Huku nje, mtoto ana bibi, shangazi, jirani wa kukumbuka alizaliwa msimu gani, alianza kutembea lini, kovu la gotini alilipataje. Mtoto wa makaoni hana wa kumkumbukia. Kumbukumbu yake ni kile ulichoandika wewe, na usichoandika kimepotea.

Sheria tunayoifanyia kazi huku Tanzania Bara ni Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. (Zanzibar wana ya kwao, ya mwaka 2011.) Isome mwenyewe, usitegemee semina. Mambo mawili ndani yake yatakusaidia kila wiki. La kwanza, sheria inaitaka halmashauri ifanye kila jitihada kuwatafuta wazazi au walezi wa mtoto aliyepotea au aliyetelekezwa. Kwa hiyo ukiomba gari au nauli kwenda kutafuta ndugu wa mtoto, huombi hisani ya mtu, unaikumbusha halmashauri wajibu wake. Sema hivyo kwenye dokezo lako. La pili, amri ya mahakama ya kumweka mtoto chini ya malezi ina ukomo: miaka mitatu, au mpaka atimize miaka 18, lolote litakalotangulia. Ukikuta faili ambalo amri yake imepitiliza, hilo ndilo la kuanza nalo kesho asubuhi.

Sasa nikupe habari ya mtoto mmoja, maana kwake nilijifunza zaidi kuliko chuoni.

Nilirithi faili lake kutoka kwa mwenzangu aliyehamishwa. Mvulana wa miaka kama minane, alikutwa stendi akiwa na homa, akapelekwa makao. Mstari wa mwisho ulisema: "Hajui kwao." Nami nikauamini. Nilimtembelea mara tatu, nikamuuliza kwao wapi, akanyamaza, nikaandika "hajui kwao" kwa mwandiko wangu. Miezi saba ilipita hivyo.

Aliyenizindua ni mama mlezi wa zamu ya usiku, mwanamke wa Majita. Aliniambia, tena kwa upole, "Mama, huyu mtoto akilala anaongea Kijita. Na ugali wa mahindi hali vizuri, kila siku ananiuliza ule wa muhogo uko wapi." Nilikuwa nimekaa na mtoto yule kwenye kiti, faili mapajani, kama polisi. Yeye alikuwa amemwogesha, amemfunika, amemsikia akiota.

Siku hiyo nikaacha faili ofisini. Nikakaa naye jikoni tukimenya viazi, sikumuuliza kwao wapi. Niliuliza: kwenu mkianika muhogo mnaanika wapi? "Juu ya mawe." Mawe makubwa? "Makubwa, tunapanda tunateleza." Mkienda mjini mnapanda nini? "Basi. Halafu tunashuka, basi linaingia kwenye pantoni, na sisi tunaingia kwa miguu." Shuleni kengele yenu ikoje? "Rimu ya gari, imening'inia kwenye mchungwa." Kijita, muhogo, mawe, pantoni, michungwa. Mtu wa Kanda ya Ziwa ameshajua tunakoelekea: kisiwa cha Ukerewe, kwa njia ya Bunda, unavuka Kisorya kwenda Rugezi. Mtoto wa miaka minane hajui jina la wilaya. Anajua njia, chakula, mti wa kengele. Sisi tulimuuliza swali la fomu, akatupa jibu la fomu.

Shule yenye rimu kwenye mchungwa ilipatikana siku ya pili ya kuzunguka na bodaboda kati ya mtendaji wa kijiji mmoja na mwingine. Mwalimu mkuu alimtambua kwa picha. Bibi yake alikuwa hai.

Kwa hiyo ukienda makao, anza na walezi, mpishi na mlinzi, kisha ndiyo meneja. Kaa chini, menya viazi. Kila anachokitaja mtoto kiandike kwa maneno yake mwenyewe, hata kama wewe unakiona hakina maana.

Usiahidi siku. Niliahidi mtoto mmoja, "Nakuja Ijumaa, tutaenda kumwona dada yako." Ijumaa nikaitwa kwenye kikao, gari likapewa idara nyingine, nikaja Jumanne. Mlinzi aliniambia mtoto alikuwa amekaa getini tangu alfajiri ile ya Ijumaa, kandambili zimesuguliwa nyeupe, amekalia begi lake la shangazi kaja lililofungwa kamba. Chakula cha mchana alikataa asije akapitwa. Nilipofika aliniambia "shikamoo" bila kuniangalia, na ilichukua miezi kabla hajanieleza jambo lolote tena. Sema, "Nitajaribu, na nisipoweza nitampigia mama mlezi akwambie." Halafu piga kweli. Simu ya dakika moja.

Kuhusu taarifa ya uchunguzi wa kijamii, ile hakimu anayoisubiri kabla ya kuamua: tenganisha ulichokiona, ulichoambiwa na nani, na unachofikiri wewe. Nimeona taarifa zilizoandikwa "mtoto ni mtukutu na ana tabia ya wizi", basi. Hakimu afanye nini na hilo? Andika: mama mlezi anasema mwezi uliopita alichukua sukari kilo moja ghalani, nilipomuuliza mtoto alisema aliwagawia wadogo wawili waliokuwa wagonjwa, wale wadogo nimezungumza nao wamekubali. Ni tukio lilelile, ila sasa kuna mtoto ndani yake. Mahakama ya watoto hukaa faragha, afisa ustawi anatakiwa awepo, na mtoto ana haki ya kusikilizwa. Hakimu akimgeukia mtoto naye akakosa sauti, wewe ndiye unayejua alikuambia nini.

Na ujue uzito wa pendekezo lako. Shule ya maadilisho, ya watoto waliotiwa hatiani na mahakama, iko Irambo, mkoani Mbeya. Ukipendekeza mtoto wa Mwanza apelekwe huko, umemweka upande mwingine wa nchi, na mama yake anayeuza dagaa hatapata nauli ya kumtembelea. Wakati mwingine hakuna njia nyingine. Lakini kabla hujaandika, jiulize kama umemtafuta mjomba, umemtafuta babu, umeuliza kuhusu usimamizi akiwa nyumbani.

Mambo mengine kwa haraka. Ndugu wasitenganishwe kwa sababu tu kituo kimoja ni cha wavulana. Mtoto aliyeumizwa apelekwe hospitali kwanza. Fomu ya polisi ya PF3 na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi vifuatiliwe bila kuchelewesha matibabu, na kama hospitali yenu ina kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia walioathirika na ukatili, fahamiana na wahudumu wake kabla hujawahitaji. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ibandike mlangoni, ukutani, na kwenye ofisi ya mtendaji wa kila kata. Picha ya mtoto usiitume kwenye kundi la WhatsApp hata kwa nia njema ya kutafuta ndugu zake. Ile picha ya Ukerewe niliishika mkononi nikaionyesha kwa mwalimu mmoja.

Kurudi kwa yule mvulana. Mimi nilidhani kumfikisha kwa bibi ndiyo mwisho. Tulifika, bibi akalia, majirani wakaja, nikapiga saini. Wiki sita baadaye alikuwa stendi tena. Nilikuwa nimeuliza kila kitu isipokuwa kwa nini aliondoka. Kumbe mjomba aliyekuwa akimpiga alikuwa bado anaishi nyumba ya pili kutoka kwa bibi. Na bibi, ambaye hakuthubutu kuniambia mbele ya watu, alikuwa akila mlo mmoja. Ilibidi tuanze upya: mwenyekiti wa kitongoji, kikao cha ukoo, mjomba akaonywa kwa maandishi mbele ya polisi, mtoto akalala kwa shangazi kijiji cha pili, bibi akaingizwa kwenye orodha ya TASAF ya kaya maskini. Mara hii alirudi kwa hatua, kwanza wikendi, kisha likizo, kisha moja kwa moja, na mwalimu wake alikuwa na namba yangu. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini daftari, sare na viatu bado vinahitaji mtu. Panga bajeti ya ufuatiliaji wa mwaka mzima kabla hujamtoa mtoto makaoni, hata kama ufuatiliaji wenyewe ni simu tu na nauli ya bodaboda mara nne.

Utaambiwa makao ni bora, kuna godoro na nyama Jumapili. Wengi wa watoto niliowakuta makaoni walikuwa na mzazi mmoja hai au bibi. Kilichowaleta ni umaskini. Godoro linaweza kupelekwa nyumbani.

Na vyeti. Anza mapema. Kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, fomu ya uhamisho wa shule, karatasi yoyote yenye tarehe, nakili na uweke kwenye faili, kwa sababu ndiyo utakayoitumia RITA, wanaosajili vizazi, kuomba cheti cha kuzaliwa. Bila cheti, siku anapotimiza miaka 18 na milango ya makao inafungwa nyuma yake, atasimama dirishani NIDA kuomba kitambulisho cha taifa, akiulizwa majina ya wazazi wake na walikozaliwa.

Hapo ndipo alipokuwa amesimama binti aliyekuja ofisini kwangu mwaka jana. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amenyooka, sauti ndogo. Alisema NIDA wamemrudisha, makao wamemwelekeza kwetu. Nilipolitoa faili lake niliujua mwandiko kabla sijalifungua vizuri. Ulikuwa wangu, wa mwaka wangu wa kwanza kazini. "Mtoto wa kike, umri takriban miaka 3, ameokotwa stendi. Afya nzuri. Amepelekwa makao." Hayo tu.

Akasoma, akarudia. Kisha akaniuliza, "Mama, nililetwa na nani? Nilikuwa nimevaa nini?"

Nakumbuka siku ile. Aliyemleta alikuwa mama ntilie wa stendi ya Nyegezi, alikuwa amemlaza kwake siku tatu akitumaini mama yake atarudi. Alimbeba mgongoni kwa kanga, na aliponikabidhi mtoto akaiacha kanga, akasema mtoto alikutwa nayo, si yake. Kanga ya kijani. Ilikuwa na maneno yake pindoni, kama kanga yoyote, niliyasoma kwa macho haya. Lakini sikuyaandika. Jina la mama ntilie pia sikuliandika, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu mlangoni na niliona la muhimu ni mtoto apate pa kulala.

Tulikwenda wote wawili stendi. Imejengwa upya, vibanda vya zamani havipo. Tumeulizia kwa wauza chakula, kwa wapiga debe wazee, kwa mwenyekiti wa mtaa. Mmoja anakumbuka mama ntilie aliyehamia Sengerema na anadhani mwanaye anaendesha daladala. Tunamtafuta huyo mwana. Cheti tumeanza kukishughulikia kwa barua ya makao, rekodi za shule na maelezo yangu ya kiapo.

Jioni tuliyorudi kutoka stendi nilichukua karatasi mpya nikaandika ninachokikumbuka: siku tatu, mama ntilie, mgongoni, kanga ya kijani, alikuwa anakula andazi na hakulia. Nikaandika pia kwamba maneno ya kanga niliyaona na siyakumbuki. Akaomba nakala. Tulikwenda pamoja duka la mkabala, akaitazama mashine inavyoitoa, akaikunja mara mbili akaiweka kwenye pochi.