Re: Kikundi chetu cha boda, tukitafuta mawazo wanaongea wawili tu

Ndugu yangu, hiyo ya mwenyekiti kuuliza "nani ana aidia" halafu watu wanaangalia simu tu si ya steji yenu peke yake. Alex Osborn, yule Mmarekani wa matangazo aliyeeneza hii mambo ya kikundi kukaa pamoja kutafuta mawazo, alitaka watu wamwage mawazo mengi, hata ya kichekesho, na asikosoe mtu kwanza. Sawa, lakini 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakakuta watu wanne wakifikiria kila mtu kivyake, ukijumlisha yao, wanatoa mengi kuliko wanne waliokaa pamoja, maana mmoja akiongea wengine wanasubiri na wakisubiri wanasahau (hii ya kusubiri ilikuja kuonyeshwa baadaye).

Sasa wewe gawa vikaratasi, dakika 10 kimya, kila mtu aandike bila jina, hasa kama kuna wazee ambao vijana hawathubutu kuwapinga, kusanya ndani ya helmeti, katibu asome moja moja. Akisoma "tununue mashine ya kuosha boda hapa stejini" mtu akacheka, mnyamazishe, kuchambua ni baada ya chai. Na mwenyekiti asitaje lake kwanza, akitaja tu wote watasema ndiyo mzee.