Mwanangu kaletewa fomu ya jeshi: je, ni Brussels inakusanya vijana?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Bremen mwaka wa kumi na tisa huu, mwanangu wa kiume kazaliwa hapahapa na ana pasipoti ya Kijerumani, mwezi wa pili katimiza miaka 18. Juzi imekuja barua ya jeshi, ndani kuna maelekezo ya fomu ya kujaza. Kwenye grupu letu la kina mama kuna klipu inazunguka inasema Umoja wa Ulaya umeshaunda jeshi lake, una bilioni 800, vijana watakusanywa na Brussels wapelekwe mpakani na Urusi, na wenye asili ya Afrika ndo watatangulizwa mbele. Kuna kaka mmoja anasema nikimpa euro 300 anamtoa mwanangu kwenye orodha ya Brussels. Mwalimu, silali. Nifanyeje? (Mama K., Bremen)

JIBU: Marahaba mama K, na pole sana. Pesa usitoe. Hilo kwanza kabisa kabla sijaeleza kitu kingine, hiyo euro 300 usitoe, maana huyo kaka anataka kukufutia jina kwenye orodha ambayo haipo. Brussels, yani makao makuu ya Umoja wa Ulaya, haina orodha ya vijana wa kupeleka jeshini, haina kambi, haina askari wa kwake, hata wale maafisa wa kijeshi unaowaona kwenye maofisi yao pale wameazimwa tu na nchi zao, na kesho nchi ikitaka inawarudisha nyumbani.

Barua yako imetoka Ujerumani, kwa sheria ya Ujerumani iliyopitishwa na Bundestag, bunge la Ujerumani, Desemba 2025 na kuanza kutumika Januari 2026. Vijana wote waliozaliwa kuanzia 2008 wanatumiwa fomu wakifika miaka 18, mvulana lazima ajaze, msichana akitaka. Kuijaza sio kujiunga na jeshi. Wanauliza afya, elimu, kama ana nia au hana, na mwanao anaruhusiwa kujibu kwamba hana nia. Asichoruhusiwa ni kuitupa, akikaa kimya anaweza kupigwa faini. Kuanzia katikati ya 2027 kupimwa afya nako kutakuwa lazima kwa wavulana wote wa rika lake, ila kuingia jeshini kwenyewe ni hiari, na anayeingia analipwa kama euro 2,600 kwa mwezi kabla ya makato. Ikitokea wanaojitolea hawatoshi, serikali haiwezi kuamka tu asubuhi ikaanza kukamata watu, lazima irudi Bundestag ipigiwe kura sheria nyingine. Na hata siku hiyo ikifika, katiba yao ibara ya 4 inasema hakuna mtu wa kulazimishwa kushika silaha vitani kinyume na dhamiri yake, ombi la kukataa kwa dhamiri anaandika mwenyewe na hamna ada. Umeona, hicho anachotaka kukuuzia huyo kaka, kile cha kweli kinachofanana nacho ni bure.

Sasa hili la jeshi la Ulaya. Nimesomesha sera za ulinzi za Ulaya zaidi ya miaka kumi na tano na sijui kama kuna wiki inapita bila mtu kuniuliza, na kinachoniumiza ni kwamba wanaolisambaza sio watu wajinga, ni watu wameketi mbele ya kamera na ramani nyuma yao, wanajiita wachambuzi, na mkataba wa Lisbon, ule unaoongoza Umoja wa Ulaya, hawajaufungua hata ukurasa mmoja. Ungekuwa umefungwa kabatini ningewasamehe. Upo wazi kwa lugha zote za Umoja.

Jeshi la Ulaya walijaribu kweli kuliunda, tena zamani. Mwaka 1952 nchi sita, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, zilisaini Paris mkataba wa jumuiya ya ulinzi, jeshi moja kabisa lenye sare moja. Wazo lilikuwa la Wafaransa wenyewe. Na ni bunge la Ufaransa hilohilo lililolizika tarehe 30 Agosti 1954. Toka hapo hakuna aliyefanikiwa kulifufua. Kilichokuja baadae, kuanzia Blair wa Uingereza na Chirac wa Ufaransa walipokutana Saint-Malo, Ufaransa, Desemba 1998 mpaka mkataba wa Lisbon ulioanza kazi Desemba 2009, ni Sera ya Pamoja ya Usalama na Ulinzi, na watu wangelisoma hilo jina polepole lingewasaidia sana. Ni sera. Kitu cha pamoja hapo ni makubaliano ya kufanya jambo fulani, askari wanabaki wa wenyewe.

Ibara ya 42 ya huo mkataba inasema ulinzi wa pamoja utakuja pale viongozi wote watakapoamua kwa kauli moja, halafu kila nchi ipitishe kwa utaratibu wa katiba yake. Wote 27! Akikataa mmoja tu limekufa. Na katiba ya Ireland inakataza kabisa nchi hiyo kuingia kwenye ulinzi wa pamoja wa Ulaya, kwa hiyo kuna wananchi wa nchi nzima wanatakiwa kwanza wapige kura ya maoni kabla hata mazungumzo hayajawa na maana. Ibara ya 4 ya mkataba huohuo ndo inamaliza kabisa, usalama wa taifa unabaki jukumu la kila nchi peke yake. Sasa mtu anayekwambia jeshi limeshaundwa, muulize hiyo kura ilipigwa lini, maana kwa kitu kikubwa namna hiyo dunia nzima ingejua.

Sisi wa Kiswahili tena ndo tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganywa, kwa sababu operesheni ya kwanza ya kijeshi ya Umoja wa Ulaya nje ya bara lao ilikuja kwetu. Bunia, Ituri, mashariki mwa Kongo, Juni 2003, majeshi ya Uganda yameondoka na wanamgambo wanachinja watu mitaani, Umoja wa Mataifa ukaomba msaada, ikaja operesheni waliyoiita Artemis, watu kama elfu mbili hivi, wengi wao walikuwa Wafaransa, Ufaransa ndo ikaongoza, ndege zikawa zinapitia Entebbe, na Septemba wakaondoka. Walikuwemo na makomando wa Sweden ambao Sweden yenyewe iliamua kuwatuma. Hakuna kijana hata mmoja wa Stockholm au Lyon aliyepewa barua na Brussels aende Ituri. Na wale mabaharia wa Atalanta, zile manowari zinazolinda bahari ya Somalia tangu Desemba 2008, watu wa Mombasa mnawajua, washukiwa wao wa uharamia walikuwa wanaletwa Kenya kushtakiwa, kila manowari pale ni ya nchi fulani, ina bendera ya nchi yake, na mafuta na mishahara vinalipwa na nchi iliyoileta. Hata bajeti ya Umoja wa Ulaya hairuhusiwi kugharamia operesheni za kijeshi, iko kwenye mkataba ibara ya 41, ndo maana ule mfuko wanaolipia silaha za Ukraine, na waliotumia kuyasaidia majeshi ya Rwanda kule Cabo Delgado, Msumbiji, wameuweka nje ya bajeti kabisa.

Kuna kitu kingine hawa wachambuzi wanakionyesha kama ushahidi, vile vikosi vya mapambano vya watu 1,500 vilivyokuwa tayari tangu 2007. Ni kweli vilikuwepo, vinapokezana zamu kila miezi sita. Ila havijawahi kutumwa popote, hata mara moja! Kila ilipotakiwa, nchi zikaangalia gharama zikasita. Sasa wametengeneza kikosi cha watu 5,000 kwa mpango wa 2022, nacho askari wake wametoka nchi zilezile, na askari wa Kijerumani mwenye silaha hatumwi vitani nje ya nchi mpaka Bundestag ipige kura.

Zile bilioni 800 nazo zimepotoshwa mpaka basi. Ule mpango wa ulinzi wa Umoja wa Ulaya wa Machi 2025 hauna sanduku lenye euro bilioni 800 ndani. Kuna mikopo ya bilioni 150, nchi inakopa inanunulia silaha zake na itairudisha, Poland ndo imechukua fungu kubwa kuliko wote, zaidi ya bilioni 40. Hizo 650 zilizobaki ni makadirio ya nchi zenyewe zitatumia kiasi gani kutoka mifukoni mwao baada ya Brussels kuwalegezea masharti ya nakisi ya bajeti, yani kutumia kuliko wanachoingiza. Yani wameambiwa tumieni, hatutawaadhibu. Mtu anakuja anasema Brussels imenunua jeshi.

Na ukitaka kujua nani hasa anamwita kijana jeshini angalia namna nchi zinavyotofautiana. Finland haijawahi kuacha, wavulana wanaitwa. Austria ni miezi sita, wananchi waliulizwa 2013 wakasema ibaki. Lithuania ilirudisha 2015 baada ya Urusi kuichukua Krimea. Denmark toka Julai 2025 imewaingiza na wasichana. Uholanzi kila mtoto akifika 17 anapata barua kwamba kaandikishwa, na tangu 1997 hakuna aliyeitwa. Malta hata kwenye ule mpango wa ushirikiano wa kijeshi wa Umoja wa Ulaya wa 2017 haikuingia. Ingekuwa Brussels inatoa amri, haya mambo yangefanana.

Sisemi hofu yako haina msingi, mama. Ulaya imebadilika, tangu Februari 2022 vita kubwa iko mlangoni, Septemba 2025 droni za Urusi ziliingia anga ya Poland mpaka zikatunguliwa, na Marekani hawana tena uhakika nayo kama zamani, ndo maana Ujerumani inataka wanajeshi wake wafike 260,000. Ikitokea nchi imeshambuliwa kweli, 23 kati ya hizo 27 zitategemea NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na nchi za Ulaya, huko ndo kuna makamanda na mipango ya vita. Umoja wa Ulaya nao una kipengele chake cha kusaidiana, ibara ya 42 aya ya 7, kimetumika mara moja tu, Ufaransa ilikiomba baada ya mauaji ya Paris ya Novemba 2015, na hata hapo kila nchi iliamua yenyewe isaidie nini. Kwa hiyo kama unataka kujua hatima ya mwanao fuatilia Bundestag, usifuatilie klipu za Brussels. Na wewe na yeye mna mbunge wenu hapo Bremen, mwandikieni, mwanao sasa anapiga kura.

Hili la kutangulizwa weusi, naelewa linatoka wapi na sitalidharau. Babu zetu walibebeshwa mizigo ya vita ya wazungu wakafa kwa maelfu, Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Kidonda hicho kipo. Ndo maana inaniuma mno kuona mtu anakitonesha makusudi ili apate watazamaji. Sheria hii ya Ujerumani inaangalia uraia, mwaka wa kuzaliwa na jinsia, basi, kipengele cha asili au rangi hakimo. Mwenye kibali cha kuishi tu bila uraia fomu haimhusu kabisa. Na tafadhali usimsikilize atakayekushauri mtoto auache uraia wa Kijerumani ili awe salama, nimeshaombwa ushauri na wazazi waliokuwa wameanza hizo karatasi kwa sababu ya klipu kama hiyo yako, na Tanzania uraia pacha kwa mtu mzima haupo, kijana anaweza kujikuta anahangaika huku na kule.

Maana hii hadithi ya jeshi la Ulaya ina upande wa pili, na huo ndo unaniogopesha zaidi. Huku inauzwa kama tishio, huko nyumbani inauzwa kama ajira. Naletewa posti zenye nyota za njano za Umoja wa Ulaya, "Jeshi la Ulaya linaajiri Waafrika, mshahara wa euro, pasipoti baada ya mwaka", toa hela ya fomu, toa hela ya vipimo, toa hela ya viza. Haliajiri kwa sababu halipo. Majeshi ya nchi za Ulaya karibu yote yanataka raia wake, wachache wana milango yao maalumu, na ile Legion ya Kigeni ya Ufaransa inayopokea watu wa kila taifa hamna wakala wala ada, mtu anajipeleka mwenyewe hadi Ufaransa. Anayekuomba hela Tanga au Kisumu kwa ajili ya jeshi la Ulaya ni mwizi, au ni kitu kibaya kuliko mwizi. Novemba 2025 serikali ya Kenya ilisema zaidi ya Wakenya 200 huenda wako kwenye jeshi la Urusi, wengi waliahidiwa kazi nyingine. Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma alifungwa gerezani huko, akaingizwa vitani kwa ahadi ya kuachiwa, akafa Ukraine Oktoba 2022, mwili ukarudi Dar Januari 2023.

Kwa hiyo mama K, leo jioni kaa na mwanao, mwache ajaze mwenyewe, ajibu ukweli, aipeleke kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua na abaki na nakala. Kama dhamiri yake haitaki silaha aanze kuliandika hilo ombi lake kwa maneno yake mwenyewe. Na kwenye grupu lenu ulizeni kama kuna mwenye mdogo wake au mpwa wake nyumbani ambaye ameshalipia hizo nafasi za jeshi la Ulaya. Akiwepo, apigiwe simu leo, asipande ndege, asisaini karatasi yoyote ya lugha asiyoisoma, na risiti za pesa alizotuma azipeleke polisi.