Masharti Kabla ya Radi: Ushauri kwa Wanaoanza Kubuni Uchawi wa Kigiriki katika Michezo ya Njozi

Mbunifu anayeanza akiombwa atunge kadi za uchawi zenye asili ya Kigiriki kwa ajili ya mchezo wa njozi, mara nyingi orodha yake huanza na radi ya Zeus, ikafuatiwa na wimbi la Poseidon na moto wa Hephaestus, na ukizisoma kadi hizo kwa makini unagundua kwamba zote zinafanya jambo lile lile: mchezaji anarusha dadu, anahesabu madhara, adui anapungukiwa na uhai. Radi yenyewe haina ubaya. Hata hivyo, ukilifuta jina la Zeus na kuandika la mungu mwingine yeyote mwenye radi, mchezo hautabadilika hata kidogo, na jina linaloweza kuondolewa bila kanuni kutikisika ni pambo tu. Ushauri wangu kwa mgeni wa kazi hii ni kwamba aanze upande wa pili: atafute kwanza sharti lililomo ndani ya hekaya, kisha aulizie nguvu baadaye.

Katika hekaya za Wagiriki, jambo la ajabu ni nadra kutolewa bure. Orpheus anaruhusiwa kumtoa mkewe Eurydice kuzimu, ila asigeuke kumtazama mpaka wafike juu. Eos, mungu wa alfajiri, anamwombea mpenzi wake Tithonus asife kamwe, akasahau kumwombea ujana, na Tithonus anazeeka bila kikomo. Aeolus, mlinzi wa pepo, anampa Odysseus, shujaa anayerudi kwao Ithaca, pepo zote mbaya zimefungwa ndani ya mfuko wa ngozi ya ng'ombe, na mabaharia wenzake wanaufungua wakidhani una dhahabu, wakati ambapo Ithaca imeshaonekana kwa macho. Msomaji wa Kiswahili halioni hili kuwa geni, kwa kuwa amekua akisikia kwamba dawa ya mganga haiendi bila miiko yake, na kwamba mgonjwa akivunja mwiko hana wa kumlaumu. Sharti ndilo linalompa mchezaji jambo la kuamua, na mchezo ni mfululizo wa maamuzi.

Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi ni Circe, mungu mchawi aliyemo katika kitabu cha 10 cha Odyssey, utenzi wa Homer kuhusu safari za Odysseus, kwa sababu habari yake imepangwa kana kwamba aliyeitunga alikuwa mbunifu wa michezo. Circe anawakaribisha mabaharia wa Odysseus, anawaandalia jibini, unga wa shayiri, asali na divai, na ndani ya chakula hicho anachanganya dawa za kuwasahaulisha kwao. Wakishakula anawapiga kwa fimbo, wanakuwa nguruwe, lakini akili zao zinabaki zilezile za awali. Eurylochus, aliyehisi mtego na kukataa kuingia, anasalimika na kurudi kutoa habari. Odysseus naye anapewa na Hermes, mjumbe wa miungu, mmea uitwao moly, wenye mzizi mweusi na ua jeupe kama maziwa, ambao wanadamu huuchimba kwa taabu. Kwa kinga hiyo anakula asidhurike, anachomoa upanga, na baadaye anamwapisha Circe kwamba hatamfanyia hila nyingine. Mwisho Circe anawapaka dawa wale nguruwe, na wanarudi kuwa watu, tena vijana zaidi, warefu zaidi na wenye sura nzuri kuliko walivyokuwa.

Soma tena aya hiyo kama mbunifu. Kuna hatua mbili, chakula na fimbo, na kila moja inaweza kuzuiwa peke yake. Kuna njia ya kukwepa ambayo haihitaji nguvu yoyote, nayo ni kukataa kula. Kuna kinga iliyo adimu lakini inayoweza kutafutwa. Kuna njia ya kurudi, na anayerudi anapata faida. Kadi yake ningeiandika hivi:

Karamu ya Circe. Mchawi huandaa chakula kwa muda usiopungua saa moja, kwa walaji wasiozidi sita. Mlengwa aliyekula kwa hiari yake, na ambaye mchawi amemgusa kwa fimbo kabla ya jua kuchwa siku hiyo hiyo, hugeuka mnyama wa kufugwa. Mlengwa hubaki na akili na kumbukumbu zake zote, lakini hawezi kusema wala kushika silaha. Mlengwa aliyebeba moly hageuki. Mchawi anaweza kumrudisha mlengwa wakati wowote kwa kumpaka dawa, na mlengwa aliyerudishwa kwa njia hii hupata uhai wake wote.

Kadi hii haina dadu hata moja ya madhara, lakini inaweza kujaza jioni nzima ya mchezo. Maneno "kwa hiari yake" yanazuia mchezaji mjanja asimlishe adui kwa nguvu katikati ya vita, na wakati huohuo yanaleta mvutano wa kijamii, kwa maana katika ulimwengu wa Homer ukarimu kwa mgeni uko chini ya ulinzi wa Zeus mwenyewe, hivyo mgeni anayekataa chakula anamtukana mwenyeji. Kubaki na akili nako ni huruma kwa mchezaji: mhusika wake amekuwa nguruwe, lakini yeye bado anaamua, anachimbua kwa pua, anajaribu kuwaashiria wenzake. Uchawi unaomtoa mtu mezani akae akitazama simu kwa saa moja ni uchawi uliobuniwa vibaya, hata kama hekaya yake ni nzuri. Na kwa kuwa maandalizi yanachukua saa nzima, nguvu ya kadi inaweza kuwa kubwa bila kuharibu mizani ya mapigano. Wanaoanza hupenda kupunguza nguvu ya kadi inapozidi. Mara nyingi inatosha kuongeza taabu ya kuiandaa.

Muda nao ni sharti. Katika Argonautica ya Apollonius wa Rhodes, utenzi wa karne ya 3 kabla ya Kristo, mchawi Medea anampa shujaa Jason dawa iliyotokana na mmea uliochipuka pale damu ya Prometheus ilipodondoka kwenye milima ya Caucasus. Jason anajipaka mwilini, anapaka mkuki na ngao, na kwa siku moja tu hawezi kuungua kwa moto wa fahali wenye kwato za shaba anaotakiwa kuwafunga nira. Linganisha na shujaa Achilles ambaye hadhuriki popote isipokuwa kisiginoni, habari ambayo Homer haitaji kabisa na ambayo tunaikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo. Kama simulizi, kisigino kinavutia. Kama kanuni ya mchezo, kinasumbua, kwa sababu ama adui hakijui na mhusika haguswi na chochote, ama anakijua na kila mshale unaelekezwa hapo. Siku moja ya Medea ni bora mara nyingi zaidi, kwani kundi zima litakaa chini kupanga: tujipake sasa au tusubiri, tutafika mchana au usiku, nani apakwe ikiwa dawa haitoshi wote. Kofia ya Hades ya kutoonekana, ambayo mungu Athena anaivaa katika Iliad, utenzi mwingine wa Homer, ili Ares, mungu wa vita, asimwone, siizungumzii sana. Karibu kila mchezo tayari una uchawi wa kutoonekana, na hekaya haituongezei mengi hapo.

Uchawi wa kupata habari ndio wageni huusahau. Katika kitabu cha 11 cha Odyssey, Odysseus anachimba shimo la dhiraa moja kwa dhiraa moja, anamimina maziwa na asali, divai, kisha maji, ananyunyiza shayiri, na anachinja kondoo damu ikatiririkia shimoni. Vivuli vya wafu vinakuja kwa wingi, naye anavizuia kwa upanga mpaka nabii Tiresias anywe kwanza, hata pale anapomwona mama yake mzazi, ambaye hawezi kumtambua mwanawe kabla ya kunywa damu. Usiiandike kadi ya namna hii kwa kusema tu kwamba mchezaji anauliza maswali matatu. Andika kwamba damu ya kondoo mmoja yatosha vivuli viwili, kwamba kila kivuli kilichokunywa hujibu ukweli kwa kadiri kijuavyo, na kwamba wanaokuja hawaji kwa kuitwa tu, hivyo mwongoza mchezo ana haki ya kuleta mfu ambaye wahusika hawakutaka kuonana naye. Hapo wachezaji watabishana juu ya nani anywe, na mabishano hayo ndiyo uchawi wenyewe.

Wagiriki wa kihistoria, mbali na wale wa hekaya, walikuwa pia na uchawi wa maandishi. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vibati vingi vyembamba vya madini ya risasi vilivyoandikwa laana, vikakunjwa, vingine vikapigiliwa msumari, vikatumbukizwa makaburini au visimani. Baadhi vinaufunga ulimi wa mpinzani katika kesi mahakamani, vingine vinalaani farasi wa mashindano. Kwa mbunifu hii ni hazina, kwa sababu inatoa uchawi mdogo, wa kisirisiri, unaofaa mchezo wa siasa na mashauri, na unaoacha ushahidi unaoweza kufukuliwa. Kadi ya namna hiyo iseme wazi kwamba laana inadumu mradi kibati kimefichwa, na kwamba anayekifukua na kukikunjua anaivunja. Mara moja umezalisha kazi ya upelelezi bila kuandika sura mpya ya kanuni.

Jambo jingine la kujifunza kutoka kwa Wagiriki ni adhabu isiyo kifo. Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, anaeleza kwamba mungu anayevunja kiapo alichokula kwa maji ya Styx, mto wa kuzimu, hulala mwaka mzima bila pumzi, kisha hutengwa na mikutano na karamu za miungu kwa miaka tisa. Mhusika aliyekufa anabadilishwa na mhusika mpya baada ya dakika chache. Mhusika aliyetengwa na hekalu lake, asiyeaminiwa tena na washirika wake, anabeba uzito huo kwa vikao vingi.

Kuhusu vyanzo, nashauri uchague toleo moja la kila hekaya na ulishikilie. Kwa Hesiod, Medusa, yule ambaye kumtazama humgeuza mtu jiwe, ni mmoja wa dada watatu, watoto wa Phorcys na Ceto, na yeye pekee ndiye anayeweza kufa. Kwa Ovid, aliyeandika kwa Kilatini karne kadhaa baadaye, alikuwa msichana mwenye nywele za kupendeza ambazo Minerva, jina la Kirumi la Athena, alizigeuza nyoka. Toleo la kwanza linakupa kiumbe. La pili linakupa laana ambayo pengine inaweza kuondolewa. Ukiyachanganya bila kuamua, mchezaji atakuuliza kama kuna dawa, nawe hutakuwa na jibu.

Medusa anatupeleka pia kwenye hesabu. Kadi inayomgeuza mtu jiwe kwa dadu moja ni katili, na njia iliyozoeleka ya kuilainisha, inayofanana na ile ya toleo la tano la mchezo wa njozi uitwao Dungeons & Dragons, ni kudai mlengwa ashindwe mara tatu kabla ya kufaulu mara tatu. Wengi huamini kwamba hilo linawasaidia wanyonge. Tuseme mlengwa ana uwezekano wa asilimia 30 wa kufaulu katika kila dadu. Kwa dadu moja, uwezekano wa kuwa jiwe ni asilimia 70. Kwa utaratibu wa mara tatu, unapanda hadi karibu asilimia 84. Mwenye uwezekano wa kufaulu wa asilimia 70, kinyume chake, hatari yake inashuka kutoka asilimia 30 hadi karibu 16. Utaratibu huu unamzidishia mnyonge unyonge na mwenye nguvu nguvu. Faida yake halisi ni muda, kwani wenzake wanapata zamu kadhaa za kumvuta nyuma ya mwamba au kumfunika macho, na ikiwa kadi yako haiwapi wenzake njia yoyote ya kuingilia kati, heri ubaki na dadu moja.

Katika kuandika, jihadhari na sentensi ambamo haieleweki anayetajwa ni nani. "Akimgusa, hupoteza uhai wake" inaweza kumaanisha mchawi au aliyeguswa, na wachezaji watachagua maana inayowafaa. Tumia "mchawi" na "mlengwa" kila mara, hata kama sentensi inakuwa nzito, na tenganisha neno "anaweza" na neno "lazima" kwa uangalifu wa mwanasheria.

Mwisho, kabla hujaipeleka kadi mezani, ijaribu kwa mchezaji anayeijua hekaya yake. Mbele ya Medusa, mchezaji huyo atasema mara moja kwamba anafumba macho, au kwamba anatazama taswira kwenye ngao ya shaba kama Perseus, shujaa aliyemuua Medusa. Usimkatalie, wala usimpe ushindi wa bure. Anayefumba macho asirushe dadu ya kujikinga na jiwe, ila kila anaposhambulia arushe dadu mbili na achukue ile ndogo. Anayetumia ngao achague adui mmoja tu anayeweza kumwona katika zamu hiyo, na ngao iwe imeng'arishwa kabla ya kuingia pangoni. Tena taswira haionekani bila mwanga, na mwenye upanga mkono mmoja na ngao mkono wa pili hana mkono wa kushikia mwenge, kwa hiyo kundi litalazimika kumteua mtu wa kumulika akiwa amefumba macho, akielekezwa kwa sauti.