Miche ya maboga: kopo, kifuu au trei ya mayai?

Masika yanabisha hodi, na wiki hii karibu wote mmeuliza jambo moja: mbegu za maboga ziote kwenye chombo gani kabla ya kwenda shambani.

*Kwani kuna haja? Bibi yangu alifukia mbegu tatu kwenye shimo la samadi, basi. (Pongwe)*

Bibi hakukosea. Boga hupenda kuotea pale pale litakapoishi. Chombo ni cha mwenye panya, kuku wa jirani, au mbegu za kuhesabu.

*Mume wangu anauza chipsi, trei za mayai zimejaa uani. Zinafaa? (Makorora)*

Dada yangu, mimi yalinikuta. Kishimo cha trei ni kifupi mno. Mbegu huota ndani ya siku tano hadi kumi, na punde mizizi hutoboa karatasi ikaingia kwa jirani. Siku ya kuhamisha niliivuta mmoja mmoja, nikasikia mizizi inakatika *tk, tk*. Jioni miche yote ilikuwa imelala, na mingi haikuamka tena. Boga halisamehe kuguswa mizizi, tofauti na nyanya.

Tafuta chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kata shingo, toboa matundu chini, kisha pasua ubavu kutoka juu hadi chini na uufunge kwa kamba. Jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, fukia mbegu moja sentimita mbili au tatu. Siku ya kuhamisha unafungua kamba, chupa inapanuka kama mlango, na bonge la udongo linatoka zima.

*Mwanangu, huku Pangani tuna vifuu na makumbi, chupa za nini? (Pangani)*

Shikamoo mama. Kifuu kinafaa kwa siku chache tu, maana ni kifupi na hakiozi upesi, hivyo usikifukie na mche. Chukua nusu yenye macho. Kati ya yale matatu moja ni laini, hilo ndilo la kutoboa maji yatoke. Makumbi yaliyofukiwa pwani yana chumvi: yaloweke maji baridi na kuyabadilisha mara kadhaa kabla ya kuyachanganya na udongo.

*Maganda makavu ya mgomba je? (Muheza)*

Hapo umenishinda. Yakunje kikombe, yabane kwa njiti, na siku ikifika fukia mche na kikombe chake. Mzizi haujui hata kama umehama.

*Kopo la rangi? (Chumbageni)*

Hapana. Makopo ya maziwa yameisha mtaani?

*Miche yangu iko chumbani, imerefuka kama uzi. (Ngamiani)*

Inatafuta jua. Itoe barazani leo, ipate mwanga wa asubuhi, kisha uizoeshe jua kali kidogo kidogo. Usihesabu yale majani mawili manene ya mwanzo; subiri jani la kwanza linalokwaruza ukiligusa lifunguke vizuri, kama wiki mbili au tatu tangu kupanda, ndipo uhamishe, jioni, ukishamwagia maji.